Msemaji Niliyempeleka Chuoni

Kozi ya Utangulizi wa Isimu pale chuo cha wananchi ilifundishwa kwenye chumba cha cherehani. Hakukuwa na nafasi pengine. Cherehani zilisukumwa ukutani zikafunikwa vitambaa, na sisi wanafunzi kumi na wanne tukakalia vile viti vifupi vya mafundi, visivyo na mgongo, magoti yakikaribia kidevu. Nikiyakumbuka masomo yale, cha kwanza kinachonijia ni vipande vya nyuzi vilivyoganda kwenye sketi yangu. Cha pili ni dharau. Nilimdharau mwalimu, niliwadharau wenzangu, na kwa kuwa sikuwa nasema, hakuna aliyejua. Waliniona mpole.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayajatoka. Baba alisikia Kibirizi, kwa watu wa boti, kwamba mashirika ya huko kambini yanatafuta wakalimani, na kwamba mtu mwenye cheti cha lugha hawezi kulala njaa katika Kigoma hii iliyojaa wakimbizi. Akaja na fomu. Hakuniuliza. Mimi, ambaye nikitumwa dukani naandika mahitaji kwenye karatasi ili nisitamke mbele ya watu, ndiye niliyetakiwa kuwa mkalimani.

Mwalimu hakuwa mtu wa kwetu. Alivaa shati la kola ngumu, na mfukoni alichomeka kalamu tatu, mbili hazina wino. Alisema amesoma chuo kikuu. Hakusema kama alimaliza. Siku ya kwanza alichora ubaoni kichwa cha mtu kilichopasuliwa katikati kama papai, akatuonyesha ulimi, ufizi na kaakaa, halafu akatuamuru tuweke vidole kooni tuseme "zzzz", kisha "ssss", tusikie tofauti. Tukafanya, watu wazima na akili zetu. Wanafunzi wa useremala wakaja dirishani.

"Jamani, nyuki wameingia chuoni!"

"Hao siyo nyuki, hao ni wasomi."

Mwalimu akawafukuza kwa chaki, akarudi kutusomea fasili yake aliyoipenda kuliko zote: lugha ni mfumo wa sauti za nasibu. Alilitamka neno "nasibu" macho ameyafumba. "Maana yake nini? Maana yake neno na kitu havina undugu. Mnasema jiwe, wenzenu wanasema vingine, jiwe halijali. Neno ni sauti. Hewa imetoka, basi." Tuliandika. Kijana mmoja mtoto wa karani wa bandarini, aliyekaa mbele na kujibu kila swali hata lisiloulizwa, alitikisa kichwa kama anayeonja mchuzi. "Hapo ticha umemaliza kila kitu." Nilimdharau yeye hasa. Jibu lake lilikuwa tayari daima, na mara nyingi lilikuwa sahihi.

Silaha kubwa ya mwalimu ilikuwa orodha. Maneno mia moja yaliyopigwa chapa, karatasi nne zimeshikwa kwa pini yenye kutu. Safu ya kwanza Kiswahili: maji, moto, jua, mbwa, ng'ombe, chungu, fimbo. Safu ya pili ilikuwa Kirundi, aliyoinakili kwa mtu aliyenakili kwa mtu. Safu ya tatu ilikuwa tupu, ya sisi kujaza. Mazoezi yetu yalikuwa haya: kila mwanafunzi alete msemaji wa lugha, mtu aliyezaliwa nayo, akae mbele ya darasa, tumuulize maneno mia, tujaze. Nusu ya alama za kozi zilikuwa hapo.

Wenzangu walitawanyika kutafuta. Mimi sikuweza kumsimamisha mtu barabarani. Nikaangalia uani kwetu.

Kwetu ni Kasingirima. Chumba cha uani alikuwa amepanga mama mmoja kutoka Burundi, aliyeshushwa na boti pale Kibirizi mwaka uliotangulia na akabaki hapohapo akianika dagaa wa matajiri kwenye mchanga. Alikimbia kupitia ziwani. Watoto wake wawili walikimbia na mama mkwe wake kwa miguu, kupitia milimani, na habari zilikuja kwamba wote watatu wako kambini, huko juu upande wa Kasulu. Mume aliuawa. Baba mkwe alibaki nyuma, hajulikani kama yu hai. Mama yule alikwisha kwenda mapokezi ya wakimbizi kuomba aandikishwe apelekwe kwa wanawe. Karani wa hapo akamsikiliza, akamwambia anaongea kama Muha wa Ujiji, na kwamba wenyeji wengi wanajifanya wakimbizi ili wapate unga. Alete mtu msomi wa kumthibitisha.

Kwa hiyo nilipomwambia mwalimu kwamba ninaye msemaji, na kwa sauti ya chini kabisa nikaongeza habari za karani, mwalimu alifurahi. "Mlete. Akijibu vizuri nitamwandikia barua yenye mhuri wa chuo. Isimu lazima isaidie jamii." Nilirudi nyumbani nikijiona nimetenda wema. Nilikuwa na haja yangu ya alama, lakini hiyo sikuitaja.

Yule mama alinishika mikono yote miwili. "Barua, mwanangu? Yenye mhuri?"

"Ndiyo, mama."

"Wataniuliza nini?"

"Maneno tu. Moto, maji, vitu vya nyumbani."

"Ego, ndiyo, hivyo navijua," alisema, akacheka.

Alikuja Jumanne amevaa kitenge alichoazimwa na bibi yangu, mzaa baba, ambaye ni Muha na huongea naye uani kutwa nzima bila mkalimani wala cheti. Akaketi kwenye kiti cha mwalimu, cha pekee chenye mgongo. Tukaanza. Kila mmoja aliuliza neno moja kwa zamu, yeye akajibu, kalamu zikakwaruza. Maji, akajibu. Moto, akajibu. Jua, mwezi, mvua. Mwalimu alifuata kwa kidole kwenye safu yake, akiguna kwa ridhaa. Nilianza hata kujivuna.

Ndipo mtoto wa karani akauliza ng'ombe.

Yule mama akasema neno jingine, refu kidogo, ambalo halikuwa kwenye safu ya mwalimu.

"Rudia, mama. Ng'ombe."

Akarudia lilelile.

Mwalimu akaandika alama ya kuuliza. Tukaendelea. Lilipofika chungu, ikawa vilevile. Fimbo, vilevile. Mara ya tatu mwalimu aliweka kalamu chini. "Mama, ng'ombe kwenu Burundi mnamwitaje? Mtu wa Burundi asiyejua ng'ombe! Si ndiyo mahari yenu, ndiyo salamu zenu?"

Mtoto wa karani akageuka kwetu na kusema, siyo kwa sauti ya chini, "Huyu Mrundi wa Mwanga Sokoni." Darasa likacheka.

Nami nilijua. Nilijua tangu lile neno la kwanza, na hapa sitajipunguzia. Kwao, kama kwa bibi yangu, mke haruhusiwi kulitaja jina la baba mkwe wake, wala neno lililomo ndani ya jina hilo, wala yale yanayofanana nalo mlio. Jina la baba mkwe wa mama yule lilijengwa juu ya neno la ng'ombe, na chungu na fimbo kwa lugha yao huanza kwa mlio huohuo. Wanawake walioolewa wana maneno yao ya pembeni ya kukwepea. Nilimsikia mwenyewe akimweleza bibi uani walipokuwa wanachambua dagaa, na bibi akacheka akasema afadhali ng'ombe, yeye amenyimwa mvua: maisha yake yote ya ndoa, mawingu yakifunga, husema tu "kunataka kulowa". Yalikuwa maneno ya wanawake wawili, mimi nikiwa na sinia langu kando. Kwa Kiswahili yule mama alisema ng'ombe na chungu bila shida. Kwa lugha aliyoolewa nayo, hapana.

Nilijua, na nilikaa kimya. Nilitazama nyuzi kwenye sketi. Sentensi ikafika kwenye meno, ikarudi. Mwalimu akafunga orodha. "Mama, samahani. Makosa matatu kwenye maneno ya msingi kabisa. Siwezi kuweka mhuri kwenye jambo nisilolijua." Alisema kwa upole, na huo upole ndio nilioudharau zaidi. Hakumuuliza hata kwa nini. Mtu aliyetufundisha wiki sita jinsi hewa inavyopita puani hakuwa na wazo kwamba mbele yake amekaa mtu.

Njiani mama yule hakunilaumu. Alitembea mbele, kitenge cha kuazima amekikunja vizuri kisiguse vumbi. Tulipofika Mwanga akasimama.

"Binti, kwani ningewaambia?"

"Sijui, mama."

"Mbele ya wale wavulana? Nianze kueleza mambo ya mkwe wangu?" Akasonya. "Wangenicheka mara mbili."

Bibi alipokipokea kitenge chake alisikiliza habari yote, halafu akanigeukia mimi.

"Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Umeketi?"

"Nimeketi, bibi."

"Baba yako analipia ukasome kusema, na wewe unakwenda kukaa." Akaingia ndani. Baadaye akatoka tena, kana kwamba lile la kwanza halikutosha. "Kule kuna watoto wawili wanalelewa na kikongwe. Uliyempeleka ni wewe, siyo mimi. Nenda kaseme."

Siku mbili nilifanya mazoezi nikiukabili ukuta wa choo. Mwalimu, yule mama hakukosea, ni mila. Maneno machache tu. Mtu mwingine angeyasema akiwa anatafuna muwa. Alhamisi mama yule alikuja nami tena, bila kualikwa, akakaa nje kwenye kizingiti cha karakana ya useremala. Mwalimu alipoingia nilisimama kabla ya salamu. Sikumbuki nilivyoanza. Nakumbuka sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtu anayeitwa kwa mbali, na mtoto wa karani akasema, "Eh! Kumbe anaongea!" na wakacheka tena, na mimi nikaendelea juu ya kicheko mpaka nikamaliza. Niliwaambia yote: jina, ng'ombe, chungu, fimbo. Nikawaambia hata mvua ya bibi yangu, ambayo haikuhitajika.

Mwalimu akatabasamu hadi masikioni. Alishika chaki akaandika MWIKO ubaoni kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini yake mara mbili. "Mnaona? Mnaona sasa faida ya utafiti? Hii ndiyo nilikuwa naisubiri." Hakuwa anasubiri kitu. Alifundisha dakika ishirini juu ya jambo ambalo alilijua kwa dakika mbili, na mtoto wa karani akauliza maswali mazuri. Nilikaa nikiwa nimelowa jasho, na nakiri nilifurahi. Nilidhani yamekwisha.

"Mwiteni mama," mwalimu akasema.

Akaingia, akaketi. Mwalimu aliinama mbele yake kwa heshima zote. "Mama, shikamoo. Tulikukosea. Sasa tumeelewa kwamba unayajua yale maneno, ila huyasemi."

"Marahaba. Ni hivyo, mwalimu."

"Vizuri. Basi yaseme."

Yule mama akanitazama mimi.

"Nielewe, mama. Karani wa mapokezi hataki barua inayosema huyu anajua lakini hasemi. Atanicheka. Mara moja tu, matatu tu, nijaze, nigonge mhuri. Mkweo hayupo hapa."

"Hayupo hapa," mama akaitikia polepole, "ndiyo maana."

"Neno ni sauti tu, mama. Hewa."

"Binti huyu aseme, mimi niitikie kwa kichwa."

"Msemaji ni wewe. Yeye ni mwanafunzi."

"Basi hawa watoke."

"Wanajifunza, mama." Na kwa kweli alionyesha kuona haya kidogo, lakini haya yake haikutosha kutuondoa.

Nilitamani asimame aondoke. Nilitamani pia asiondoke, kwa sababu ya wale watoto. Kabla sijasema kitu hakuna aliyemwomba hilo. Walikuwa wanadhani hajui tu. Mimi ndiye niliyewaonyesha mahali pa kumbana. Mama yule alivuta ncha ya khanga yake akaziba mdomo, akatazama zile cherehani zilizofunikwa, akasema. Ng'ombe. Chungu. Fimbo. Moja baada ya jingine, upesi, kama mtu anayevuka barabara.

"Sauti zaidi kidogo, mama, ya kwanza haikusikika nyuma."

Akaondoa khanga mdomoni. Akasema tena lile la kwanza, kwa sauti. Kalamu zikakwaruza. Yangu pia. Ningeweza kuandika hapa kwamba mkono ulikwenda wenyewe, lakini ni uongo. Niliandika mimi, na niliweka alama ya vema pembeni, kama tulivyofundishwa. Wenzangu wakapiga makofi. Nadhani walikuwa wanampongeza. Mwalimu akavuta karatasi, akaandika barua hapohapo, akapuliza mhuri ukauke.

Zoezi lile nilipata alama za juu kuliko wote, kumzidi mtoto wa karani. Mwalimu aliandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba nina sikio la utafiti. Sikukataa. Kozi niliimaliza na cheti ninacho.

Karani wa mapokezi aliisoma barua, akautazama mhuri zaidi ya maneno, akamwandikisha. Lori lingeondoka Jumatatu. Jumapili jioni mama yule alikaa na bibi uani. Nilikuwa naosha vyombo karibu yao, na safari hii hawakuongea kama sipo. Waliongea kama nipo.

"Kwenu mke akikosa hivyo hufanya nini?" aliuliza.

"Humpelekea mkwe kitu, akaomba radhi. Kuku, pombe, chochote," bibi alisema. "Na kwenu?"

"Vilevile."

"Sasa utampelekea nani?"

"Mama mkwe wangu. Nitamwambia mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Atakasirika. Hata kama ni kwa ajili ya wajukuu wake, atakasirika. Namjua."

"Akasirike nawe ukiwa umewapakata wanao," bibi alisema.

Akatikisa kichwa. Haikuwa ndiyo, haikuwa hapana.

Asubuhi nilimbebea mkeka mpaka lilipoegeshwa lori. Yeye alibeba kifurushi kimoja na chini ya khanga, upande wa kwapa, kuku aliyemnunua kwa dagaa wake wa wiki, amefungwa miguu kwa ukanda wa khanga hiyohiyo. Palikuwa na watu wengi, na msimamizi wa safari alikuwa anapiga kelele toka alfajiri: wanyama hawaruhusiwi, mbuzi hapana, kuku hapana, kila mtu na mzigo mmoja. Mama alipanda. Nikamrushia mkeka, akaudaka kwa mkono mmoja. Tulitazamana, nikaona mdomo wake unafunguka kama anataka kuniambia neno, na papo hapo kuku akalia.

Msimamizi akaja mbio na karatasi zake. Akapitisha macho juu ya wanawake wa kwenye lori, wote wakamtazama kwa macho makavu. Akanigeukia mimi niliyekuwa karibu kuliko wote.

"We binti. Nani kapanda na kuku hapa?"

Nikainamisha kichwa, nikatazama miguu yangu, kama nifanyavyo siku zote nikiulizwa jambo na mtu mzima.

"Nakuuliza wewe! Bubu?"

"Mwache mtoto wa watu, hajui kusema," mwanamke mmoja akajibu toka juu.

Msimamizi alisubiri kidogo. Kisha akasonya, akaupiga ubao wa lori kwa kiganja mara mbili, na dereva akatia gia.